Hesabu kwenye Gunia la Unga

Ruperto anachora nyumba juu ya gunia la unga
kwa penseli bapa ya seremala, yenye alama za meno yake.
Hapa jiko, anasema. Hapa dirisha la kutazama mlangobahari.
Hapa (anasita) chumba cha mtu ambaye bado hatujamzaa.
Mvua ya Chiloé inatwanga bati la mama yake,
ambamo tumelala miaka sita nyuma ya pazia la maua,
tukikohoa kwa zamu.

Naipenda nyumba ya gunia. Haivuji.
Haina msumari uliopanda bei kati ya Jumatatu na Alhamisi,
haina fundi aliyepokea malipo ya awali
akaenda kulisha samoni wa matajiri, simu akaizima.
Ila nimejumlisha saruji, nimejumlisha mbao,
lori, kivuko, chakula cha vibarua,
na kila nikifika chini ya safu
naanza upya kutoka juu, kana kwamba nilikosea.

Ng'ambo ya ghuba iko nyumba ya Zunilda Cárcamo.
Imesimama. Hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza,
na ya pili sijaiona.
Vigae vyake vya mbao vimepauka kama magamba ya samaki wa juzi,
ngazi ya tatu hulia ukiikanyaga.
Bei yake, nusu ya gunia.

"Kununua ni kuvaa kiatu cha marehemu," asema Ruperto.
"Na kujenga," namjibu, "ni kutembea peku
ukisubiri ng'ombe azaliwe, akue, achinjwe, ngozi ikauke."
Hatukusemezana hadi viazi vilipoiva.

Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake.
Basi nikavuka, nikamwomba Zunilda nilale usiku mmoja.
Hakushangaa. Alinipa blanketi zito kama kondoo mzima.
Nikaujua upepo unaopita chini ya mlango,
nikawajua panya, watatu, labda wanne.
Ukuta ulinuka moshi wa miaka sitini
na usiku wa manane nikamsikia bibi usingizini
akimwagiza mumewe alete kuni.
Nilikaribia kuamka nizilete mimi.

Asubuhi, akimenya kitunguu, akanena:
"Nauza nyumba. Kiwanja siuzi.
Kiwanja ni cha kaka yangu, na kaka yangu hana mazungumzo."

Nilicheka njia nzima ndani ya mtumbwi.
Yeye ana nyumba isiyo na ardhi,
sisi tuna ardhi isiyo na nyumba.

Walikuja watu arobaini, na jozi nane za maksai,
Eliecer Barría na tarumbeta yake isiyo na sauti ya chini.
Tukang'oa bomba la jiko, tukafunga madirisha kwa kamba,
magogo mawili marefu chini ya sakafu.
Nyumba ikatetemeka, ikasita kama bibi harusi,
ikateremka kilimani hadi majini.
Maji yalipojaa, mashua mbili zikaivuta,
na mimi, namba moja kwa woga, nilihesabu vigae vilivyodondoka.
Kumi na tisa.

Zunilda hakupunga mkono.
Alisimama pale sakafu ilipokuwa,
kwenye mstatili wa udongo mkavu usionyeshewa tangu harusi yake,
akainama, akaokota kitu, akakitia mfukoni.
Sikuuliza.

Tuliiweka nyumba kinyume.
Dirisha la jiko linatazama zizi la nguruwe wa jirani
na ngazi ya tatu bado inalia, sasa kwa lafudhi ya upande wetu.
Ruperto aliguna wiki nzima,
kisha akachukua msumeno, akatoboa ukuta wa magharibi
palepale penseli ilipopaweka.

Gunia nimelikunja mara nne,
nikalisukumiza chini ya mlango.
Upepo ukivuma sana, chumba cha yule mtu
kinavimba kidogo, kinatulia.